Soseji zimepasuka, viazi vigumu: chakula cha jioni kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, naishi Chuno, Mtwara mjini. Mdogo wangu aliyeko Uingereza amenitumia sufuria ya umeme ya kupika polepole, ya lita 3.5, ile yenye chungu cha kauri ndani na mfuniko wa kioo. Nilitaka nikitoka kazini nikute chakula cha jioni tayari. Nikaweka soseji za paketi kutoka kwenye friza, viazi mviringo nilivyokata nusu nusu, karoti, kitunguu na nyanya, nikajaza maji mpaka yakafunika kila kitu. Niliwasha kwenye alama ya Low saa 12 na nusu asubuhi, nikarudi saa 9 na nusu alasiri. Soseji zilikuwa zimevimba na kupasuka, hazina ladha. Viazi vina kiini kigumu. Mchuzi maji matupu. Mume wangu alikula kwa heshima tu. Nimekosea wapi? Tuko watano, pamoja na mama mkwe ambaye ana presha. Na umeme ukikatika nikiwa kazini nifanyeje? Je, wiki za zamu ya usiku naweza kupika hivyo hivyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mume anayekula kwa heshima mtunze, wengine wangeagiza chipsi.

Uliweka soseji asubuhi. Hilo ndilo kosa lenyewe, na mengi uliyoyataja yameanzia hapo. Soseji za paketi tunazonunua kwenye maduka yenye friza huku kwetu, za ng'ombe au za kuku, nyingi zimeshaiva kiwandani. Wewe ukampa muda mrefu kuliko wote yule asiyeuhitaji kabisa, halafu ukaingiza kipande cha barafu kwenye sufuria ambayo tayari inapanda moto taratibu. Soseji ziingie mwisho, ukisharudi nyumbani. Ukibadilisha hilo tu, soseji zitabaki soseji, viazi vitapata nafasi ya kuiva, na swali lako la umeme litapungua uzito kuliko unavyodhani. Nitakueleza na sababu, maana ukizijua utaweza kubadilisha mboga na nyama bila kuniuliza.

Kwanza zijue soseji zako. Iliyoiva kiwandani, barafu ikishayeyuka, ukiikata kisu kinapita safi, ndani ni rangi moja iliyopauka na kipande kinasimama chenyewe. Soseji mbichi ni nyama ya kusaga iliyojazwa kwenye ganda: ukiibonyeza inabonyea, ukiikata nyama inasambaa na kunata kwenye kisu. Paketi nayo husema, ingawa maandishi ni ya kutafuta kwa tochi. Soma pia ganda limetengenezwa kwa kitu gani, kwa sababu soseji inaweza kuwa ya kuku na ganda lisiwe la kuku; kwa nyumba zinazoangalia halali, alama itafutwe kwenye paketi yenyewe, neno la muuzaji halitoshi. Kama ganda ni la plastiki, limenye kabla ya kupika. Ukishindwa kabisa kutambua kama imeiva au la, ihesabu kuwa mbichi. Afadhali soseji iharibike kuliko tumbo la mtoto.

Hii ya kiwandani ilisagwa pamoja na mafuta na barafu mpaka ikawa rojo laini, ikatiwa chumvi na viungo, ikajazwa kwenye ganda, ndipo ikapikwa. Utamu wake ni ule mshikamano wa nyama, mafuta na maji. Ukiiacha kwa muda wa saa tisa kwenye maji yanayokaribia kuchemka, nyama inajibana na kusukuma mafuta nje, chumvi na viungo vinahamia kwenye mchuzi, maji ya mchuzi yanaingia ndani, na mwisho ganda linashindwa. Ndiyo maana ulikuta kitu kinene kisicho na ladha. Haikuwa inadai kuiva. Ilidai ipate moto hadi ndani, na ipate rangi.

Na rangi sufuria yako haiwezi kuitoa, hata ukiiacha mpaka kesho. Nyama huanza kugeuka kahawia na kutoa ile harufu inayowaita majirani pale joto linapofika kama nyuzi 140 na kupanda, wakati chakula chenye maji ndani ya sufuria hii hakivuki nyuzi 100. Kwa hiyo kikaango ni lazima. Najua hizi sufuria huuzwa kwa maneno ya "tia vyote, funika, nenda zako". Kwa maharage yaliyochemshwa kwanza na kwa nyama ngumu ya ng'ombe wa kienyeji maneno hayo yanakaribia ukweli. Kwa soseji siyakubali. Dakika sita za kikaango ndizo zinazotenganisha chakula na soseji za kuchemsha.

Sasa sufuria yenyewe. Watu wengi hudhani Low ni joto la chini na High ni joto la juu. Katika sufuria nyingi za aina hii, zote mbili mwishoni hufika karibu joto lile lile, chini kidogo ya kuchemka. Tofauti ni muda wa kufika huko. High inaweza kufika kwa saa tatu au nne, Low ikachukua saba au nane. Kazi kubwa inafanyika mwishoni, baada ya chungu chenyewe kushiba joto. Ukiingiza maji ya bomba na soseji za barafu, umeichelewesha safari hiyo kwa saa nyingi, na viazi vyako vikapata mwisho mfupi sana wa kuiva.

Kingine kilichofanya viazi vibaki vigumu ni nyanya. Kinachoshikilia kiazi au karoti isilainike ni gundi fulani iliyo kwenye kuta za mmea, na gundi hiyo hulegea vizuri ikiwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 85 hivi. Ukiweka uchachu, wa nyanya, ndimu, ukwaju au siki, inakuwa ngumu kulegea. Mpishi yeyote aliyewahi kutia nyanya kwenye mbaazi kabla hazijaiva anaijua adhabu yake. Kwenye jiko la mkaa moto mkali huficha kosa hilo. Kwenye sufuria hii hakuna cha kulificha. Nyanya nazo zisubiri.

Halafu ukubwa na mahali. Nyaya za joto kwenye sufuria nyingi za namna hii zimezunguka ubavuni, nyingine zina joto la chini pia. Juu katikati ndiko kunakochelewa. Viazi na karoti huiva polepole kuliko nyama, jambo linalowashangaza watu, kwa hiyo vikae chini na kandokando. Kiazi cha nusu ni kikubwa mno. Kata vipande vya sentimita 3, karoti ziwe nyembamba zaidi, sentimita 2, kwa sababu karoti ni kaidi kuliko kiazi.

Maji tutayamaliza haraka: weka kikombe kimoja tu. Mfuniko ukiwa umekaa vizuri hakuna mvuke wa maana unaotoka. Unagonga kioo, unarudi chini. Kitunguu, karoti na nyanya zina maji yao. Sufuria yenyewe ijae kati ya nusu na robo tatu. Na usifunue kuchungulia. Kila unapofunua unapoteza joto ambalo sufuria itahitaji kama dakika 20 hadi 30 kulirudisha.

Basi tupike. Kwa watu watano na sufuria ya lita 3.5, chukua viazi mviringo kilo moja kasoro robo, karoti tatu, vitunguu maji viwili vikubwa, soseji gramu 400 hadi 500, nyanya tatu zilizoiva sana, pilipili hoho moja, punje nne za kitunguu saumu, tangawizi kidole kimoja, binzari nyembamba iliyosagwa kijiko kidogo, pilipili manga, mafuta ya kupikia, tui zito kikombe kimoja. Viazi vinavyoshika umbo ndivyo vizuri. Vile vya unga unga vitayeyuka na kukupa uji. Uliza muuzaji pale Soko Kuu. Vingi hutoka nyanda za juu, Njombe na huko, na wauzaji wanajua vipi ni vya chipsi na vipi ni vya kuponda.

Usiku kabla ya zamu, hamisha soseji kutoka friza kwenda kwenye friji, kwenye sahani yenye kingo, zikayeyuke humo humo. Usiziache juu ya meza mpaka asubuhi. Kwa joto la Mtwara hiyo ni karamu ya vijidudu. Kata viazi na karoti, viweke kwenye chombo chenye maji, navyo ndani ya friji. Kaanga vitunguu na tangawizi kwa mafuta kidogo mpaka vianze kupata rangi, tia binzari dakika ya mwisho, ipoze, weka kwenye friji. Dakika kumi na tano na unalala.

Ukiamka saa 11 na nusu, chemsha maji kwenye birika. Chuja viazi na karoti, vipake kijiko cha mafuta ili vile vitakavyokuwa juu ya mchuzi visigeuke vyeusi, vipange chini na kandokando. Pasha vile vitunguu kwenye kikaango ili visiongeze ubaridi kwenye chungu, vimwage juu, tia pilipili manga, mimina kikombe kimoja cha maji yanayochemka. Mimina kwenye mboga, taratibu, usielekeze maji ya moto moja kwa moja kwenye kauri baridi, inaweza kupasuka. Chumvi bado. Funika, washa High wakati unaoga na kuvaa, na ukiwa mlangoni geuza Low. Nusu saa hiyo ya High pamoja na maji ya moto inasaidia kuliko watu wanavyoamini.

Ukirudi saa 9 na nusu, choma kiazi kimoja kwa uma. Kikiachia, geuza alama ya Warm, pumzika, chakula cha jioni bado. Kikiwa bado kinashika, geuza High na ukiache saa moja zaidi. Warm ni ya kutunza chakula kilichokwisha kuiva, haipiki chochote.

Saa 12 jioni ndipo soseji zinaingia kazini. Zikate mshazari vipande viwili au vitatu, zikaange kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka kila upande uwe na rangi, kisha zitoe. Ndani ya kikaango hicho hicho, bila kukiosha, tia kitunguu saumu kilichopondwa, halafu nyanya zilizokatwa ndogo. Maji ya nyanya yataachanisha ile masalia ya kahawia iliyoshika chini, na humo ndimo utamu ulimo. Wengi huupeleka karoni. Kaanga mpaka nyanya ziwe nzito na mafuta yajitenge. Mimina nyanya na soseji ndani ya sufuria, ongeza hoho iliyokatwa, tui zito, geuza kwa mwiko mara moja tu ili usivunje viazi, funika, High kwa dakika 40. Tui zito likikaa tangu asubuhi hukatika na kutoa mafuta pembeni. Kama unapenda nazi ndani ya viazi vyenyewe, tumia tui jepesi badala ya kile kikombe cha maji cha asubuhi. Jepesi halina neno.

Ukiona mchuzi bado mwepesi, na mara ya kwanza huenda ukawa hivyo, mimi hutumia korosho. Tuko Mtwara, tusijinyime. Nunua vipande, si zile nzima za kuwekea wageni. Vipande ni bei ya chini na ladha ni ile ile. Kaanga kavu kidogo, saga, koroga vijiko vitatu vya unga wake kwenye maji kidogo, mimina pamoja na tui. Mchuzi unakuwa mzito na wenye mwili, na hata mtu asiyejua umeweka nini atauliza. Asiyepatana na korosho mwilini, maana wapo wanaovimba midomo, atumie unga wa muhogo vijiko viwili uliokorogwa kwenye maji baridi, uingie dakika 20 kabla ya kupakua.

Kama umepata soseji mbichi kutoka buchani, utaratibu ni mwingine. Hizo zikaangwe nje zipate rangi asubuhi, halafu papo hapo ziingie juu ya mboga na kupikwa nazo tangu mwanzo, saa 7 au 8 kwa Low, au saa 4 kwa High. Usizikaange usiku nusu nusu ukaziweka mpaka asubuhi: nyama iliyopata joto bila kuiva ndiyo hali wanayoipenda vijidudu. Ndani zifike nyuzi 71 kama ni za ng'ombe au nguruwe, 74 kama ni za kuku. Kipimajoto cha jikoni ni kitu kidogo, kinunue, kwa sababu rangi ya ndani hudanganya pande zote mbili. Na nyama mbichi, ya aina yoyote, isiingie kwenye sufuria hii ikiwa na barafu.

Sasa umeme. Hapo kabla, ulipokuwa unaondoka nyumbani na kuacha soseji ndani, kila katizo lilikuwa hatari, kwa sababu chakula chenye nyama kilikaa kwenye uvuguvugu bila mtu. Vijidudu huongezeka haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Kwa utaratibu huu mpya soseji ziko kwenye friji mpaka jioni, na ndani ya sufuria kuna viazi, karoti na vitunguu peke yake. Hasara yako kubwa ni viazi vya shilingi chache.

Hata hivyo mboga zilizopata maji na joto nazo huharibika, kwa hiyo sheria zangu ni hizi. Ukirudi ukakuta umeme haupo na hujui ulikatika saa ngapi, mwaga, hata kama kinanukia vizuri. Kuna sumu za bakteria ambazo hazifi hata ukichemsha upya, na wewe muuguzi umewaona waliozila. Kama kuna mtu nyumbani na ameshuhudia umeme unakatika, ahamishie chakula kwenye sufuria ya kawaida mara moja na amalizie kwa gesi au mkaa. Kama kilikuwa kimeshaiva kabisa umeme ulipokatika, kinaweza kukaa na mfuniko wake bila kufunuliwa, lakini kisizidi saa mbili.

Hatari ya kweli ni umeme unaokatika na kurudi wewe ukiwa huko wodini. Sufuria ya kitufe cha kuzungusha huendelea yenyewe umeme ukirudi, na utakuta chakula cha moto kisichosema kwamba kilikaa kwa muda wa saa tatu kikiwa vuguvugu. Yenye vitufe vya kubonyeza na kioo cha namba mara nyingi hubaki imezimika, na hiyo angalau inakuambia ukweli. Ya kwako kama ni ya kuzungusha, tafuta saa ya umeme ya bei ndogo ile ambayo namba zake huanza upya na kumwekamweka baada ya katizo, ichomeke soketi ya jirani. Au muulize mama mkwe, maana mtu anayesikiliza redio mchana kutwa hujua umeme ulikatika mara ngapi.

Kwa matumizi usiwe na wasiwasi na LUKU. Angalia chini ya sufuria utaona wati. Za lita 3.5 nyingi ni kama 200. Wati 200 kwa saa 9 ni uniti 1.8, na hiyo ni kama ingevuta nguvu yake yote muda wote. Kwa kuwa imetoka Uingereza, volti zake ni zetu na plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa. Nalitaja hilo kwa sababu ya wasomaji wengine wenye ndugu Marekani: kule umeme ni volti 120, na sufuria ya huko ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 bila transfoma utaiunguza siku ya kwanza.

Kuhusu mama mkwe. Soseji ni nyama iliyosindikwa, ina chumvi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja kidogo kwa kila alichokula tangu asubuhi. Mwaka 2015 taasisi ya shirika hilo inayoshughulikia saratani iliiweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hayo unayajua kuliko mimi. Mimi nasema kama mpishi: chakula hiki kiwe cha mara moja moja, na siku hiyo soseji ziwe kiungo, viazi na mboga ndiyo chakula. Gramu 400 kwa watu watano zinatosha kabisa zikishakaangwa na kukatwa. Usitie chumvi mpaka umeonja baada ya zile dakika 40, na vile vidonge vya mchuzi vya dukani viache kabisa, ni chumvi juu ya chumvi. Ndimu ya kukamulia mezani hufanya ulimi usiitafute chumvi. Sahani ya mama pakua viazi na mboga nyingi, mchuzi kidogo, kwa kuwa chumvi iliyotoka kwenye soseji imekaa humo.

Mboga unaweza kubadilisha, ila si zote zinaingia asubuhi. Boga ni zuri sana na soseji, hasa lile la nyama nzito, lakini huiva upesi, likae juu kabisa na vipande viwe vikubwa. Bilinganya na nyanya chungu zinavumilia kutwa nzima. Bamia na hoho ziingie pamoja na soseji. Mchicha na majani ya maboga dakika kumi za mwisho. Kabichi mimi siipendi humu, inanukisha nyumba nzima, wapo wanaoipenda.

Muhogo usiuweke kwenye sufuria hii ukiwa mbichi. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu inayotoka ukimenywa, ukilowekwa na kuchemshwa kwenye maji mengi yanayomwagwa. Humu ndani maji hayamwagwi na mfuniko umefungwa. Mkoa wetu umeshawahi kuona konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu unaotokana na muhogo usioandaliwa vizuri, kwa hiyo hili silisemi kwa kutisha watu. Uchemshe pembeni, mwaga maji, ndipo uingie pamoja na soseji. Kisamvu nacho kitwangwe na kichemshwe wazi kwanza.

Mbaazi, zinapovunwa katikati ya mwaka na kila gunia limejaa, zinachukua nafasi ya viazi vizuri sana: loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa nguvu dakika 10 jikoni, ndipo ziingie na tui jepesi, bila nyanya. Kuchemsha huko kwa mbaazi ni kwa ajili ya kuziivisha. Kwa maharage mekundu ni kwa ajili ya maisha yako, kwa kuwa yana sumu inayokufa kwa kuchemka kweli kweli kwa dakika 10, na sufuria hii kwa Low inaweza isifike huko. Maharage mekundu yaliyopikwa humu bila kuchemshwa kwanza yanaweza kukutapisha ndani ya saa chache, na hapo wagonjwa wodini watakuwa wewe na familia yako.

Kikibaki chakula, kitoe kwenye chungu cha kauri, kitandaze kwenye chombo kipana kipoe haraka, kiwe kwenye friji ndani ya saa moja kwa joto hili la kwetu. Kesho kipashe kwenye sufuria ya kawaida mpaka kichemke. Sufuria ya polepole haifai kupashia kiporo, inapanda taratibu mno. Na chungu kikiwa cha moto usikimwagie maji ya baridi kukiosha. Kikipasuka, chungu cha kubadilishia huku kwetu ni shida kukipata.

Zamu ya usiku ndiyo rahisi kuliko zote. Ukirudi asubuhi saa 2, panga mboga zako na maji ya moto, washa Low, nenda kalale. Umeme ukikatika kuna watu nyumbani. Ukiamka saa 9 au 10 mboga zimeiva, unakaanga soseji na nyanya mwenyewe, unazitia, na saa 12 mnakula pamoja kabla hujaondoka. Siku ambayo usingizi umekuzidi, mwachie mama mkwe kazi ya kikaango. Muonyeshe mara moja tu soseji zinakaa wapi kwenye friji na kitufe kipi ni High. Na umwambie asitie chumvi, hata akionja akaona imepungua.